UZI: The Sound of Music haizeeki kwa sababu ni filamu ya msiba

Binti wa Mwalimu – #1

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili iliyopita mvua ilitufungia ndani, nikakaa na wanangu watatu kutazama The Sound of Music. Tukafika pale Kapteni von Trapp, baba wa nyumba na mwanamaji wa Austria, anapopuliza filimbi na watoto saba wanashuka ngazi kwa mwendo wa kijeshi, wanajipanga mstari, kila mmoja anapiga hatua mbele kutaja jina lake. Kitindamimba wangu wa miaka 6 akanigeukia: "Mama, mama yao yuko wapi?"

Filamu hii nimeiona mara nyingi kiasi kwamba nyimbo zake naziimba hata nikiosha vyombo, lakini swali hilo sikuwahi kumsikia mtu akiliuliza. Nikamjibu, "Alifariki kabla hadithi haijaanza." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana baba yao mkali." Tangu siku hiyo limenikaa kichwani, ndipo nikaona nilete hapa.

Filamu ilitoka Machi 1965. Ina miaka 60 na ushei. Ukimuuliza mtu kwa nini bado inapendwa atakutajia milima, sauti ya Julie Andrews aliyeigiza mlezi Maria, watoto wazuri, zile nguo zilizoshonwa kwa mapazia. Sikatai. Lakini filamu zenye milima mizuri na sauti tamu ni nyingi, na nyingi zimesahaulika hata majina. Mimi nasema hii imedumu kwa sababu ni filamu ya msiba. Nyumba imefiwa na mama, baba ameshindwa kulia, badala yake amezima kila kitu kinachomkumbusha. Muziki ndio uliozimwa wa kwanza.

Yule mtunza nyumba, Frau Schmidt, anamwambia Maria, mlezi mpya aliyetoka nyumba ya watawa, mapema kabisa, na maneno yenyewe yanapita haraka usipotega sikio. Anasema tangu mkewe afe, Kapteni anaiendesha nyumba kama meli yake. Filimbi, amri, hakuna muziki, hakuna kicheko, hataki chochote cha kumkumbusha marehemu. Hata watoto wenyewe. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayouma. Watoto wanamkumbusha mama yao, kwa hiyo anawakimbia. Anakaa Vienna wiki nzima nzima huku wao wakifukuza walezi mmoja baada ya mwingine ili tu baba arudi nyumbani.

Sasa njoo pale ziwani. Boti imepinduka, Maria na watoto wamelowa chapachapa mbele ya mgeni wa heshima, Kapteni amekasirika. Watoto wanaondoka, wanabaki wawili. Maria, nguo zikichuruzika, anaanza kumwambia habari za wanawe mmoja mmoja. Liesl si mtoto tena, iko siku utaamka ukute ni mwanamke na wewe humjui. Friedrich anataka awe mwanaume kama wewe, hana wa kumwonyesha. Kapteni anamkatiza, hataki kusikia. Maria anaendelea. Mwisho anamfukuza kazi, afunge virago arudi kwenye nyumba ya watawa.

Hapo ndipo sauti inatoka ndani ya nyumba. Kapteni anauliza ni nini hicho. Ni watoto, wanaimba. Anaingia, anasimama mlangoni, anawatazama kama watu aliowapoteza. Halafu anaanza kuimba nao. Sauti yake ya kwanza haina uhakika, kama mtu anayejaribu kusimama baada ya kulala kitandani mwezi mzima. Watoto wanaduwaa. Baadaye anamwomba Maria abaki, anamwambia ameurudisha muziki nyumbani, na yeye alikuwa amesahau.

Naielewa sehemu hiyo kwa sababu nimeishi nyumba ya namna hiyo. Mama yetu alifariki 1992, nikiwa na miaka 9. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Morogoro. Tulikuwa na redio ya betri, na mama alikuwa mtu wa vipindi vya salamu, akisikia jina la mtu anayemfahamu anapiga kigelegele jikoni. Baada ya arobaini baba aliifunga ile redio kwa khanga ya mama, akaiweka juu ya kabati. Hakutukataza kuimba. Hakusema neno. Lakini hata dada yangu aliyekuwa akiimba kila akitwanga, aliacha.

Mwaka uliofuata masista wa parokia waliwaonyesha watoto filamu hii ukumbini, televisheni moja na deki ya kuazima, sisi watoto karibu mia tumekaa chini. Ni ndefu, giza likaingia. Baba akaja kutuchukua. Nilimwona kwenye fremu ya mlango. Wakati huo Kapteni ameshika gitaa sebuleni, anaimba "Edelweiss", na binti yake mkubwa anaitikia. Baba alikuwa ameshika tochi na amesahau kuizima, mwanga wake umelala sakafuni karibu na viatu vyake. Hakutuita. Alisubiri wimbo uishe.

Njiani hakuna aliyezungumza. Redio haikushuka siku ile wala mwezi ule. Ilishuka Desemba, shangazi alipokuja akataka taarifa ya habari, akapanda kiti akaifungua. Baba alimtazama tu. Siwezi kusema ni filamu iliyofanya hivyo. Nasema tu kwamba nilimwona baba yangu pale mlangoni.

Karibuni. Nyie mliionaje?

---

Mwalimu wa Nota – #2

Pole sana dada, hata kama ni miaka mingi.

Mimi nafundisha kwaya, huu ni mwaka wa 22, na nina deni kwa filamu hii. Nitaongelea kitu kimoja tu, kwa sababu watu wengi huchukulia "Do-Re-Mi" kama wimbo wa chekechea.

Kwaya zetu nyingi za makanisani zinasoma sol-fa: d r m f s l t. Mfumo huo tunaoutumia ulikuja na wamisionari kutoka Uingereza. Aliyeuanza ni mwalimu wa Norwich, mwanamke, Sarah Glover, katika karne ya 19, kisha mchungaji John Curwen akauboresha na kuusambaza. Lakini mzizi wake ni wa kale zaidi. Karne ya 11 huko Italia, mtawa Guido wa Arezzo alikuwa na shida niliyonayo mimi kila Jumamosi: waimbaji wanaosahau sauti. Akatumia utenzi wa Kilatini ambao kila mstari unaanzia sauti moja juu ya mstari uliotangulia. Akachukua silabi za mwanzo za mistari hiyo zikawa majina ya sauti.

Sasa mtazame Richard Rodgers alivyotunga "Do-Re-Mi". Amerudi kulekule kwa Guido. Mstari wa kwanza unaanzia d na unakwenda d r m d m d m. Wa pili unaanzia r: r m f f m r f. Wa tatu unaanzia m. Kila mstari unapanda kidato kimoja, na neno la kwanza la kila mstari ni jina la sauti yenyewe. Mtoto akikariri wimbo amekariri ngazi nzima bila kujua. Halafu kwenye l na t anaingiza mitego: l r m fe s l t, kisha t m fe se l t d'. Hizo fe na se, yaani f na s zilizopandishwa nusu sauti, ndipo waimbaji wangu wapya huteleza, na ndipo ninapojua nani ana sikio.

Angalieni pia Maria anavyofundisha. Watoto wanamwambia hawajui wimbo wowote. Hawagombezi, anaanza na majina ya sauti. Kisha kila mtoto anakuwa sauti moja, anawaonyesha kidole mmoja mmoja na wimbo mpya unatokea. Kisha anaweka maneno. Huo ni ufundishaji kamili, hatua kwa hatua. Mwishoni wanaruka kwenye ngazi za bustani wakipanda na kushuka na sauti, mwili unafundishwa pamoja na sikio. Mimi siku ya kwanza na wanakwaya wapya sigawi karatasi. Nawapeleka kwenye ngazi za nje za kanisa.

Na hoja yako ya msiba inaingia hapahapa. Watoto waliofiwa hawakupewa hotuba ya faraja. Walipewa kitu cha kufanya kwa pamoja, kinachohitaji pumzi.

Nyongeza kidogo: sauti ya kuimba ya Kapteni unayoisikia mlangoni si ya mwigizaji wake, Christopher Plummer. Waliweka ya mwimbaji mwingine, Bill Lee. Uso ndio wa Plummer.

---

Mchambuzi Huru – #3

Mleta uzi, nimesoma kwa heshima. Lakini watu wanaoipenda filamu hii wanastahili kujua ukweli wa familia yenyewe, maana filamu imemdhulumu mtu.

Maria Kutschera, yule Maria wa kweli, alifika kwa akina von Trapp 1926, si kulea watoto saba bali kumfundisha mmoja, binti aliyekuwa amedhoofika baada ya homa. Alifunga ndoa na Georg von Trapp Novemba 1927. Wanazi waliingia Austria Machi 1938. Kwa hiyo walikuwa wameoana zaidi ya miaka 10, na wana watoto wengine wawili; walipoondoka nchini baadaye mwaka huo, wa tatu alikuwa njiani. Filamu imeyabana yote kama yametokea ndani ya miezi.

Mtoto mkubwa hakuwa binti wa miaka 16, alikuwa kijana wa kiume, Rupert. Familia iliimba hata kabla ya Maria, na aliyewanoa wakawa kwaya ya kupanda majukwaa ni padre, Franz Wasner, ambaye filamu imemfuta kabisa. Walianza kuimba kwa malipo baada ya fedha zao kupotelea kwenye benki iliyoanguka. Na hawakuvuka mlima kwa miguu kwenda Uswisi kama filamu inavyoonyesha mwishoni. Walipanda treni kwenda Italia. Milima ile iliyo juu ya Salzburg, mji wao, ukiivuka hutokei Uswisi, unatokea Ujerumani.

Kubwa kuliko yote: Georg hakuwa yule baba wa barafu. Alikuwa mpole na mpenda muziki. Filimbi alikuwa nayo kweli, lakini kwa sababu eneo la nyumba lilikuwa kubwa. Wanawe waliumia kuona baba yao amechorwa vile mbele ya dunia nzima.

Msiba unaousifu umetungwa.

---

Binti wa Mwalimu – #4

Mchambuzi Huru, asante. Yote uliyosema ni kweli na silipingi hata moja. Wale watoto walikuwa na haki ya kuumia. Na mimi ningeumia mtu akimchora baba yangu vibaya.

Ila kifo hakikutungwa. Agathe Whitehead, mke wa kwanza wa Georg, alifariki 1922 akaacha watoto saba. Kilichotungwa ni ukimya. Waliotunga walijiuliza nyumba ya namna hiyo inaweza kuwaje, wakachagua ukimya, na nadhani ndiyo maana watu wa kila mahali wanaitambua. Nyumba ya kweli ya von Trapp ilikuwa na bahati. Ya kwetu haikuwa na bahati hiyo, na nyumba nyingi hazina.

Halafu angalia nani aliyekuwa akiandika. Mashairi ya nyimbo ni ya Oscar Hammerstein. Filamu imetokana na mchezo ulioanza jukwaani New York Novemba 1959, na wakati huo saratani ya tumbo ilikuwa tayari imemkamata. "Edelweiss" ndio wimbo wa mwisho aliouandika. Akafariki Agosti 1960, hakuiona filamu. Watu wengi wanadhani ule ni wimbo wa jadi wa Austria au hata wimbo wa taifa. Si hivyo, ni wa mzee aliyekuwa anaaga, akaandika kuhusu ua dogo jeupe la milimani na kuiombea nchi isiyo yake. Kila nikiusikia najua aliyeandika alikuwa na siku za kuhesabu. Hauna neno hata moja gumu.

Mwalimu wa Nota, hilo la pumzi nitalikumbuka. Ni kweli, ukitaka kuimba na mwenzio lazima mvute pumzi wakati mmoja.

---

Nyuki wa Isar – #5

Salamu kutoka Munich, niko huku mwaka wa 9 sasa. Salzburg ni treni ya chini ya saa mbili tu, kwa hiyo mgeni yeyote akija kutoka nyumbani nampeleka. Dada yangu alipokuja kitu cha kwanza alichouliza si kasri wala nyumba aliyozaliwa Mozart, ni zile ngazi.

Ngazi ziko bustani ya Mirabell, katikati ya mji, bure. Siku tuliyokwenda kulikuwa na familia ya Kikorea, mama wa Kihindi na wanawe, na kundi la wazee wa Kiingereza. Wote wanasubiri zamu ya ngazi zilezile. Dada yangu akapanda akiimba. Mama wa Kihindi akaitikia mstari wa pili. Hawakuwa wamesalimiana.

Nyumba ya Kapteni haipo kama mnavyoiona. Mbele ni jengo moja, upande wa ziwa ni kwingine, kwenye ziwa la Leopoldskron, na ndani ni studio Marekani. Harusi ya filamu ilipigwa kanisa la Mondsee, nje ya mji, ilhali Maria wa kweli aliolewa kwenye nyumba ya watawa ya Nonnberg. Na ule uwanda wa mwanzo anapozunguka mikono imefunguka hauko hata Austria, uko huku Bavaria karibu na Marktschellenberg. Helikopta ya kamera ilikuwa inashuka kumfuata, na upepo wa mapanga yake ulikuwa unamwangusha Julie Andrews majanini kila akimaliza kuzunguka. Anainuka, anarudia. Ukilijua hilo unaitazama ile dakika ya mwanzo kwa heshima nyingine.

Jambo lililonishangaza: wenyeji wengi hawaijui. Mwenzangu wa kazini mzaliwa wa Salzburg hajawahi kuiona. Wao walikuwa na filamu zao za Kijerumani kuhusu familia hiyohiyo tangu 1956. Na nadhani kuna lingine. Mwaka 1938 umati mkubwa ulimshangilia Hitler kule Austria. Si rahisi kukaa na bibi yako sebuleni mkiangalia hadithi ambayo familia moja ilikataa, halafu mjukuu ageuke aulize, "Na sisi je?"

---

Nyota ya Nakuru – #6

Mimi niliigiza mchezo huu nikiwa Kidato cha Tatu, shule ya wasichana. Nilikuwa Frau Schmidt, kwa hiyo Binti wa Mwalimu umenigusa, watu huwa hawamkumbuki yule mama. Mistari yangu ilikuwa michache na mwalimu wetu wa drama alinirudisha kwa kile kisehemu kinachomhusu marehemu labda mara ishirini. Aliniambia niseme kama mtu anayekunja nguo, nisimwangalie Maria usoni. Nikakunja kitambaa kweli, ndipo ikatoka.

Kitu nilichojifunza pale ni jinsi nyimbo zinavyorudi. Watoto wanaimba wimbo wa kuaga kwenye karamu, wanaenda kulala, wageni wanacheka. Mwishoni wanaimba uleule kwenye tamasha, na safari hii kila mtoto anayeondoka jukwaani anatoroka. Maneno hayajabadilika sana, lakini ukumbini hakuna anayecheka. "Edelweiss" vilevile kwenye filamu. Kwanza ni baba na wanawe sebuleni. Mara ya pili yuko mbele ya maafisa wa Kinazi, sauti inamkwama, Maria anaingia kumsaidia, halafu ukumbi mzima unaimba.

Hii kwetu si ngeni. Cucu wangu, yaani bibi, akitusimulia ngano, kulikuwa na wimbo ndani ya hadithi. Msichana anauimba anapotumwa kisimani, anauimba tena amemezwa na zimwi, na sisi tunaitikia mara zote mbili. Mara ya pili tulikuwa tunaitikia kwa sauti ndogo. Hakuna aliyetufundisha kupunguza sauti. Nafikiri ndiyo sababu mtoto wa Nakuru asiyejua Austria iko wapi anaielewa filamu hii kutoka mwanzo.

---

Mchambuzi Huru – #7

Nyuki wa Isar na Nyota ya Nakuru, mmenipeleka mahali sikuwa nimepanga kwenda.

Nakiri jambo. Wahakiki wengi wa New York waliiponda filamu hii ilipotoka, walisema ina sukari kupita kiasi, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa upande wao. Plummer mwenyewe aliidharau miaka mingi. Lakini nafikiri dharau yake ndiyo iliyoiokoa. Anaigiza kama mtu asiyetaka kuwepo pale, na Kapteni naye hataki kuwepo kwenye nyumba ile. Mngemweka mwigizaji mchangamfu, sukari ingezidi kweli.

Kwa watazamaji hakukuwa na mjadala. Studio ya 20th Century Fox ilikuwa hoi baada ya gharama za filamu yake Cleopatra ya 1963. Hii ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 8.2, na kufikia 1966 ilikuwa imeipita Gone with the Wind, filamu ya 1939 iliyoshikilia rekodi ya mapato kwa miaka mingi. Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji Robert Wise.

Lakini kwangu mimi filamu ni lile tamasha. Bendera ya Kinazi imetundikwa kwenye nyumba yake, anaichana. Anaitwa jeshini, anajua akikataa atapoteza nyumba, mji, kila kitu. Georg wa kweli naye alitakiwa kulitumikia jeshi la maji la Ujerumani akakataa, na hilo halikutungwa. Kama angebaki yule baba wa barafu, asingekuwa na nguvu ya kukataa. Angekwenda, maana mtu aliyezoea amri hupokea amri. Kwa hiyo labda tunasema kitu kimoja, dada, ila mimi naanzia mwisho.

---

Binti wa Mwalimu – #8

Kaka, hapo umenishika. Sikuwa nimeunganisha filimbi na kule kukataa kwake mwishoni. Hata mimi nakubali, yule wa mwanzo angepiga saluti.

---

Bibi Mkunazini – #9

Assalaam aleikum wanangu.

Mimi mtu mzima, nina wajukuu 11. Zamani Unguja tukenda sinema jioni tukitazama filamu za Kihindi, na humo hakuna mtu anayependa, anayefiwa wala anayeozeshwa bila ya kuimba. Kwa hivyo hao wanaosema "watu wa kweli hawaanzi kuimba njiani" sisi hatukuwaelewa. Mtu akijaa moyoni aimbe, atafanya nini jengine? Nilipoiona hii ya wazungu nikasema naam, na hawa wanajua.

Tena nimpendaye ni yule mama mkuu wa masista. Maria kamkimbilia amejificha, naye hakumficha. Kamwambia penzi nalo ni la Mungu, rudi ukalitazame uso kwa uso. Mama wa namna ile ukiwa naye nyumbani umepata.

Binti wa Mwalimu, nina suali. Ile khanga iliyofungiwa redio ilikuwa na jina gani?

---

Binti wa Mwalimu – #10

Waaleikum salaam, shikamoo bibi.

Ilikuwa "Nyumba njema si mlango". Ya rangi ya zambarau na nyeupe. Shangazi alipoifungua aliikunja akampa dada yangu, na dada alijifungulia mtoto wake wa kwanza nayo. Redio yenyewe bado ipo kwa baba, haishiki stesheni yoyote tena ila hataki itupwe.

---

Baba Pendo – #11

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye foleni ya benki. Nataka kuiweka kwa wanangu wikiendi hii, wana miaka 5 na 8. Nimeona urefu wake ni dakika 174. Wangu wakikaa dakika 40 ni muujiza. Mnashauri nianzie wapi, au niwarukishe hadi kwenye nyimbo?

---

Nyota ya Nakuru – #12

Usiwarukishe! Wimbo bila kilichoutangulia ni wimbo tu.

---

Mwalimu wa Nota – #13

Naunga mkono. Na usiwatafsirie kila neno. Waache waimbe wanavyosikia kwanza, wataelewa kwa kutazama nyuso.

---

Binti wa Mwalimu – #14

Baba Pendo, filamu yenyewe ina mapumziko katikati, iliwekwa hivyo tangu enzi za kumbi za sinema. Ni baada ya ile karamu, Maria anaacha barua mezani na kutoka na mkoba wake usiku. Kuna maandishi yatatokea, huwezi kupotea. Kata usiku wa kwanza, malizia kesho yake.

Ila nikuandae. Mimi nilikata palepale Jumapili ile, nikawaambia waende kulala. Wakubwa wawili walikwenda. Yule mdogo alikaa kwenye kochi akiangalia televisheni iliyozimwa, akakataa kuondoka mpaka nimwambie kama Maria atarudi. Nikamwambia atarudi. Akauliza, "Na mama yao?" Nikamwambia huyo hapana. Akafikiri, kisha akaniomba niimbe ule wimbo wa ua, na nikauimba wote.